Barua Ndogo

Ilikuwa Jumatatu, saa moja kasoro asubuhi, na mvua ya usiku ilikuwa imegeuza lango la mjengo kuwa dimbwi. Pale Mamboleo, Kisumu, tunajenga ghorofa nne. Mimi ni karani. Kazi yangu ya kwanza kila siku ni kukata maboksi ya misumari vipande vya ukubwa wa kiganja, kuandika namba kwa kalamu nene, 1 hadi 30, kisha kusimama langoni na kuvigawa. Aliyepata kadi ameingia. Aliyekosa anarudi mjini, au anangoja hadi saa nne labda mmoja wa watu wa mkono, wasaidizi wa mafundi, augue. Jioni kila mtu ananirudishia kadi yake, namtia alama daftarini, na Jumamosi analipwa. Aliyepoteza kadi amepoteza siku.

Nimefanya hivyo miaka mitatu bila kulifikiria.

Asubuhi hiyo kulikuwa na fundi wa milango, mzee aliyeletwa kutoka Mombasa kwa kuwa mwenye nyumba alitaka milango ya kuchongwa. Aliketi juu ya rundo la mbao na kikombe cha chai ya rangi, ananitazama. Kadi zilipoisha, vijana kumi na wawili walibaki nje ya lango. Mzee akaniomba nimpe kadi moja niliyokuwa nimeiharibu. Akaigeuza huku na huku kama mtu anayetazama sarafu ya zamani.

"Mwanangu, hii mnaiitaje hapa?"

Nikamwambia ni kadi tu.

"Hiki ndicho kibarua chenyewe," akasema. "Barua ndogo. Mtu akaja kuitwa kwa jina la karatasi yake."

Akanieleza alivyosikia kwa nyanya yake. Zamani kwao, mwenye watumwa aliwatoa asubuhi wakafanye kazi ya siku, bandarini au penye majengo. Mwenye kazi alimpa kila mmoja kikaratasi. Jioni kikaratasi kikarudi, pesa zikatolewa. Na mtumwa alipofika nyumbani, bwana wake alikata chake.

"Kiasi gani?" nikauliza.

"Nusu, mara nyingi."

Akaweka kadi juu ya daftari langu, akashika patasi yake. Mimi nilibaki pale nimesimama, kwa sababu nilikuwa ninajua jambo ambalo yeye hakulijua. Kila kijana anayeingia kwa kadi yangu anampa fomeni shilingi 100 jioni. Ndiyo bei ya kuitwa kesho. Mtu wa mkono analipwa 600.

Anakata chake.

Kitu cha Pwani

Mtu wa Kisumu ukimtajia utumwa, anakuonyesha upande wa Mombasa. Shuleni tulifundishwa hivyo: Kilwa, Bagamoyo, soko la Zanzibar lililofungwa 1873. Huku kwetu ilikuwa samaki, mtama, ng'ombe, halafu reli ikaja. Nami niliamini hivyo mpaka mwaka huu. Na kuna ukweli ndani yake. Wengi wa waliouzwa Zanzibar walitoka kusini, pande za Ziwa Nyasa na nyuma ya Kilwa. Sitaki kubuni mnada wa watu pale soko la Kibuye ili makala yangu inoge.

Lakini neno lilikuwa linanikera. Kamusi za zamani za Kiswahili zinakubaliana na mzee: kibarua ni cheti anachopewa mtu wa kazi ya siku, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Na wanaoandika historia ya Mombasa na Zanzibar wanasema vibarua wa mwanzo wengi walikuwa watumwa wa kukodishwa. Sasa neno hilo lilifikaje Mamboleo? Leo linasemwa na mama wa Kijaluo anayeuza nyoyo, mahindi na maharage ya kuchemsha, getini, asiyejua hata njia ya kwenda Pwani. "Mwanangu ameenda kutafuta kibarua."

Neno haliruki kama ndege. Lilikuja kwa miguu, mabegani mwa watu.

Kabla ya gari moshi, kilichofika huku kutoka Pwani kilibebwa na mpagazi: mtumba wa nguo, koili ya waya, gunia la shanga, bunduki. Misafara ilipitia Baringo, ikapumzika kwa Wanjemps na kununua chakula, ikapanda na kuteremka hadi kwa Nabongo Shiundu, mfalme wa Wanga, mahali wageni walipopaita Kwa Sundu na ambapo leo tunapaita Mumias kwa jina la mwanawe. Walikuja hasa kwa ajili ya pembe. Ndovu wa Mlima Elgon waliuawa mmoja mmoja na pembe zao zikashuka Pwani. Ila pembe hazikushuka peke yake. Wanawake na watoto walinunuliwa au kutekwa njiani, na Wanga, waliokuwa karibu na bunduki za Waswahili, walipata nguvu ambayo majirani zao hawakuwa nayo.

Na hao wapagazi walikuwa nani?

Hapa ndipo nilipokaa usiku mwingi. Nilidhani msafara ulikuwa na watu wa aina mbili, wauzaji na wauzwao. Kumbe wengi waliobeba mizigo walikuwa wenyewe ni watumwa, wamekodishwa na mabwana wao wa Zanzibar na Mombasa, na malipo yao ya mwanzo yaliishia mikononi mwa mabwana hao kabla hata ya mguu wa kwanza kuinuliwa. Wakishatoka Pwani walijiita waungwana. Mtu ambaye Mombasa alikuwa mali ya mwingine, akifika Mumias anavaa kanzu, anazungumza lugha ya wenye bunduki, na anawaita wenyeji washenzi. Wengine walijinunulia watumwa wao.

Nililisoma hilo mara tatu. Nilitaka kuwachukia na nikashindwa. Ukiwa umetoka kwa bwana wako siku tisini za kutembea, na mbele yako kuna mtu asiyejua wewe ni nani, unamwambia jina gani?

Wazungu walioandika vitabu vizima vya kulaani utumwa walikodi watu haohao. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyefika Kwa Sundu mwishoni mwa 1883, aliajiri wapagazi wake Zanzibar kama walivyofanya wote. Hakukuwa na njia nyingine ya kubeba kitanda cha safari, chai na bunduki.

Kisha nikakutana na William Jones.

Huyu alinyakuliwa akiwa mtoto, akaokolewa kutoka mikononi mwa wauzaji, akalelewa Nasik karibu na Bombay, akarudi Mombasa akiwa Mkristo. Mwaka 1885 alipewa ushemasi, na Julai ya mwaka huohuo akaondoka Rabai na Askofu James Hannington kuelekea Buganda. Oktoba walifika Kwa Sundu. Askofu akachukua watu wapata 50 na kusonga mbele. Jones akaachwa nyuma na msafara wote uliobaki, aungoje ujumbe.

Angoje. Mumias.

Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba, na waliorudi walikuwa wachache mno. Jones, mtoto aliyewahi kuuzwa, akakusanya watu waliobaki, akawarudisha Pwani safari nzima. Walipoingia Rabai mapema 1886 walikuwa na bendera imeandikwa Ikabodi, neno la kitabu cha Samweli, maana yake utukufu umeondoka.

Nimepita Mumias mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mamangu alizaliwa huko. Nimenunua miwa pale stendi, nimesali matanga, nimekula harusi. Hakuna siku mtu aliniambia kwamba katika mji huu mtumwa aliyekombolewa alikaa majuma mengi akitazama njia ya magharibi.

Reli iliyokuja kutukomboa

Kisumu ina siku ya kuzaliwa: 20 Desemba 1901, reli ilipofika ziwani na mahali pakaitwa Port Florence, jina la mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Wakati huo hata hatukuwa Kenya. Tulikuwa upande wa Uganda mpaka mwaka uliofuata.

Nimeijua hadithi hiyo tangu utoto. Sikujua hati iliyo nyuma yake.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya, pamoja na wengine kama Zanzibar na Uturuki, yalitia saini Brussels mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Kifungu cha kwanza kabisa kinataja njia za kuikomesha, na mojawapo ni kujenga barabara na hasa reli kutoka Pwani hadi bara, ili usafiri wa haraka na wa bei nafuu uchukue mahali pa kubeba kwa watu. Sir William Mackinnon na kampuni yake waliushika mkataba huo wakaomba pesa za serikali ya Uingereza: tujengeeni reli, mpagazi ataisha, na mpagazi akiisha mtumwa ataisha.

Hesabu hiyo haina ubaya. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi hata. Nilimwambia mume wangu, unaona, mji wetu ulijengwa ili watu wasibebe tena.

Halafu nikatazama tarehe.

Ujenzi ulianza Mombasa 1896. Utumwa Mombasa ulikuwa bado halali. Zanzibar sheria ilibadilika 1897. Ukanda wa Pwani ya Kenya ulingoja hadi 1907. Kwa hiyo reli ya kukomesha utumwa ilianzia katika mji ambamo mtu aliweza kumiliki mtu, ikafika Kisumu, ikapakia na kupakua karibu miaka sita, na kule ilikoanzia sheria ilikuwa bado inamtambua mtumwa.

Na nani aliijenga? Wahindi karibu 32,000, kwa mkataba wa miaka mitatu, na karibu 2,500 kati yao wakafa. Mkataba wa aina hiyo ulikuwa na umri tayari. Waingereza waliuanzisha baada ya kufuta utumwa katika makoloni yao miaka ya 1830, mashamba ya miwa ya Mauritius na Karibi yalipokosa mikono. Mtu anatia kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, anavuka bahari, na hawezi kuondoka kabla ya siku zake kwisha.

Hata meli ya kwanza ya mvuke ya Kisumu, William Mackinnon, iliyoshushwa majini mwaka 1900 kabla ya reli kufika, ilitoka Uingereza vipande vipande, na vipande hivyo vilipita sehemu kubwa ya nchi vikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Meli yenye jina la mtu aliyetaka wapagazi waishe.

Ninajua kuna wasomaji watakaosema: dada, usichanganye mambo. Mkataba si utumwa. Kibarua wako wa Mamboleo si mtumwa, anarudi kwake Manyatta jioni, akitaka kesho asije. Ni kweli, na nimejiambia hivyo mwenyewe mara nyingi usiku. Mtu aliyeuzwa Kwa Sundu alipoteza mama yake, jina lake, na haki ya kuzikwa kwao. Kumfananisha na kijana aliyekatwa shilingi 100 ni kumvunjia heshima yule wa kwanza.

Lakini nilikuwa na swali jingine, dogo zaidi. Kwa nini karatasi inabaki? Mwenye watumwa ameondoka, bwana hayupo, sheria imebadilika mara nne, na bado asubuhi nipo langoni na kikaratasi, na bado yuko mtu jioni anayekata.

Babu yangu upande wa baba, kule Seme, alivaa kipande, cheti cha kazi cha wakoloni, shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kubana baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika bila kipande hakuweza kuhama kwa mwajiri wala kusafiri kutafuta kazi. Desemba 1921 watu walipokusanyika Lundha, mkutano uliozaa vuguvugu la Piny Owacho, hicho kipande kilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyakataa, pamoja na kazi za kulazimishwa. Babu alikuwa akikitaja kwa neno moja la Kijaluo ambalo sitaliandika hapa, ni tusi. Sikuwahi kumuuliza zaidi. Sasa hayupo.

Kibos

Kuna mama ninayenunua mahamri kwake, Mnubi, mzaliwa wa Kibos, karibu na mji wa Kisumu. Nilimuuliza siku moja, kwa heshima, babu zake walikujaje.

"Kwa bunduki," akasema. "Si bunduki yao."

Mababu wa Wanubi wa Kenya walikuwa askari wa Sudan. Wengi walichukuliwa wakiwa vijana kutoka kusini ya Sudan, katika uvamizi na mateka, wakaingizwa katika jeshi la Misri. Wakawa chini ya gavana Emin Pasha huko Ekwatoria, kusini ya Sudan. Wakubwa wao waliposhindwa na kuondoka, wao wakabaki karibu na Ziwa Albert na wake zao na watoto, hadi 1891 Frederick Lugard alipowakuta Kavalli na kuwaandikisha upya, safari hii kwa Waingereza. Kutoka hapo walilinda kila kitu: ngome za Uganda, njia ya msafara, vituo. Mwaka 1895 ofisa wa Uingereza C. W. Hobley alipotoka Mumias kuwapiga Wabukusu, kuanzia ngome ya Lumboka hadi ya Chetambe, walikuwemo. Tukiwauliza Wabukusu habari za askari hao watatupa jibu ambalo si zuri.

Mwaka 1897 waliasi. Uasi ulianzia Eldama Ravine, kaskazini ya Nakuru, walipoamriwa safari nyingine ndefu bila wake zao, mishahara ikiwa midogo na imechelewa. Miaka mingi nilidhani uasi huo ni jambo la Uganda. Ulianzia hapa kwetu, na walioasi walikuwa watu walionyakuliwa, waliohesabiwa kwa vichwa, waliopewa bunduki na kuambiwa tembeeni.

Wajukuu wao wako Kibra, wako Eldama Ravine, wako Kibos. Februari 2021 nyumba za Kibos zilibomolewa kwa tingatinga. Ilisemekana kwamba ardhi ni ya reli. Watu elfu kadhaa walilala nje, wakati wa kafyu, na korona.

Ya reli.

Nilimwambia yule mama niliyoyasoma kuhusu mkataba wa Brussels. Nilidhani atakasirika. Aliendelea kugeuza mahamri ndani ya karai.

"Sisi tukienda kuchukua kitambulisho tunaulizwa, nyinyi ni watu wa wapi," akasema. "Nikisema Kibos, wananiambia kabla ya Kibos. Kabla ya Kibos tulikuwa mali ya serikali. Niandike hivyo?"

Kwa khotsa

Agosti nilikwenda Mumias kwenye matanga ya jamaa wa mama. Nilikuwa nimejaa maswali. Usiku wa pili, wazee wakiwa wameota moto, nilimuuliza khotsa, mjomba wangu mkubwa, kama katika ukoo wetu au wa jirani kulikuwa na watu walioachwa na misafara.

Akaweka kikombe chini.

"Hilo haliulizwi hapa."

Asubuhi akaniita tukaangalie mpaka wa shamba. Tulitembea kando ya miwa mpaka sauti za watu zikatuisha masikioni. Akasimama akanyoosha fimbo, akaishusha haraka.

"Ile boma," akasema. "Mama wa mama wa babu yao alikuja na Waswahili. Aliugua. Wakamwacha. Hakujua lugha yoyote ya huku. Alipopona, mmoja wetu akamwoa, akatoa ng'ombe kwa ukoo, kana kwamba ana baba yake hapa, ili mahari ipite mahali. Watoto wake wakawa wetu. Wazee wakasema, atakayetaja alikotoka amejitenga na sisi. Babu yako alimtoza mtu mbuzi kwa sababu hiyo. Nilikuwa mdogo, nililiona lile beberu likiletwa."

Nikamuuliza kama wenyewe wanajua.

"Wanajua nini? Wao ni Wanga."

Kisha akanitazama usoni. "Nasikia unaandika mambo kwenye simu. Wewe ukilitaja, mbuzi atatozwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka sasa.

Kwa majuma yote hayo nilikuwa nimekiona kimya chetu kama aibu, kifuniko juu ya chungu kilichooza. Niliamini kazi ya mtu mwenye akili ni kufunua. Pale kando ya miwa nikaona kimya kingine. Kuna watu waliokaa chini wakaamua kwamba mwanamke aliyeletwa na kamba atakufa akiwa na ukoo, na njia pekee waliyokuwa nayo ya kumpa ukoo ilikuwa kusahau kwa makusudi, vizazi vinne, wakitozana mbuzi. Waliubeba ukimya huo kama mzigo. Sasa mimi ninakuja na simu yangu.

Kwa Kijaluo tuna neno misumba. Ukimwita mtu hivyo leo, watu wanacheka tu, maana yake ni kapera, mwanamume asiye na mke. Lakini ni neno lilelile la mtumwa. Wasumbini, ndivyo wana wa Israeli walivyo kule Misri katika Biblia ya Dholuo tuliyosomewa Jumapili. Baba yangu aliwahi kunieleza kwa nini, wala hakuona ajabu yoyote. Asiye na dala, asiye na mji wake wa kusimamisha nyumba, ni kitu kimoja na mtu wa kutumwa. Awe hajaoa, awe ametekwa, tofauti ni ya siku. Ukimpa mke na kiwanja umemtoa katika neno hilo.

Yule mwanamke aliyeachwa Mumias walimtoa. Watu wa Kibos wakarudishwa.

Sitaandika ni boma gani. Nimebadilisha hapa mambo mawili matatu ili hata mtu wa kwetu asilijue. Kama bado nimekosea, khotsa, mbuzi nitamleta mwenyewe.

Fomeni

Niliporudi Mamboleo nilimkabili fomeni. Nilichagua saa ya chakula, vijana wakiwa chini ya mwembe. Nilimwambia ile mia moja iishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

Hakugomba. Alinieleza kwamba yeye mwenyewe aliingia mjengo akiwa na miaka kumi na sita, na aliyekuwa fomeni wakati huo alimkata kila siku kwa miaka minne. "Hata mimi nilinunua njia," akasema. "Sasa nimefika, unataka mimi ndiye nisikate?"

Nikawakumbuka waungwana wa msafara, na kanzu zao.

Bado anakata, lakini si kwa wote. Wale ninaowaona nikiwa nimesimama karibu anawaacha, kwa hiyo siku hizi ninakaa langoni hadi saa kumi na mbili jioni. Mwenye mjengo nimemwambia, naye amesema ataangalia. Milango ya kuchongwa imekwisha, mzee amerudi Pwani. Kabla hajaondoka alinichongea kijibao kidogo cha mvule, ukubwa wa kadi zangu, maua pembeni na katikati patupu. Sikumuuliza kwa nini ameacha patupu.

Jambo moja nililoweza kulibadilisha mwenyewe ni kadi. Wiki mbili zilizopita nilianza kuandika majina. Namba juu, jina chini, jina la mtu na la baba yake, kwa herufi zinazosomeka. Inanichukua nusu saa zaidi, naanza saa kumi na moja alfajiri kwa taa ya simu. Vijana wengi walifurahi. Mmoja alipiga kadi yake picha akamtumia mamake.

Jumatatu hii, kijana mmoja mwembamba, mkimya, mwenye bidii ya kuchanganya zege kuliko wote, alichukua kadi yake akaitazama, kisha akatoka kwenye foleni akaniletea.

"Madam, naomba uniandikie namba peke yake."

Nikamuuliza kama nimekosea herufi.

"Hujakosea. Ila likisomwa jina la baba, wataniuliza sisi ni watu wa wapi. Tulihama Kibos. Hapa bado hawajaniuliza."

Nyuma yake foleni ilikuwa imesimama, na fomeni alikuwa anatazama saa. Nikakata kadibodi nyingine. Nikaandika 17. Akaipokea kwa mikono miwili, akaingia.